Kauboi Aliyejiposea Mwenyewe

Haya nilisimuliwa na binti yangu Vaileth, mwaka 2006, tukimenya ndizi jikoni kwake. Euphrasia ni shoga yake, wanatunza wazee pamoja, kwa hiyo hakuna alichofichwa.

Asubuhi moja huko Marekani, stesheni ya treni ya Wheaton, watu wamejaa kwenye ngazi za umeme, Euphrasia kachelewa kazini. Mbele yake kasimama mwanamume mweusi, mrefu, kofia pana ya kauboi, mabuti ya ngozi, gitaa la mgongoni limeziba njia.

"Kauboi mzima," Euphrasia akanong'ona kwa Kiswahili, "ng'ombe wake sijui kawaacha wapi."

Yule bwana akageuka. "Ng'ombe sina, dada. Farasi ninaye mmoja, naye mzee."

Euphrasia alitamani ngazi zimmeze. Kumbe yule bwana, jina lake Jabali, ni Mmarekani aliyesoma Kiswahili chuoni. Babu yake alichunga ng'ombe Texas, akamwachia nyimbo za machungani. Mchana aliziimba kwenye maonyesho. Jioni alivaa suti nyeupe akaimba jazi mjini.

Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Wewe na farasi wako?"

"Yeye kala. Mimi nakungoja wewe."

Euphrasia, mjane wa miaka minane, akawa anacheka peke yake kazini.

Kwa kina Jabali mwanamume husema mwenyewe, uso kwa uso. Akapiga shati pasi, akaenda Arlington kwa Respicius, kaka yake Euphrasia, akasema anataka kumwoa dada yake. Respicius akamkaribisha chai. Akazungumzia baridi. Akamsindikiza mpaka kwenye gari. Neno la ndoa hakuligusa.

Jabali akajua amekataliwa. Siku kumi na mbili hakupiga simu. Euphrasia naye akaona ameachwa, chakula kikawa hakipiti, mpaka Vaileth akamshikisha simu mkononi.

"Umenichoka, Jabali?"

"Kaka yako hanitaki. Nimempa maneno yangu yote, kanipa chai."

Euphrasia akacheka mpaka akakaa chini. "Baba wee, nani kakwambia mtu anajiposea? Unatuma mshenga na barua. Kaka angekujibu nini, wakati hujamtuma mtu?"

"Mimi kazi yangu kuimba. Hili nimwachie mwingine aniimbie?"

"Ndiyo. Na wewe ukae nyumbani, unyamaze. Kaka ndiye baba niliyebaki naye, bila yeye siolewi. Utaweza?"

"Sijawahi."

"Basi jifunze."

Jumapili barua ikapelekwa na Kwame, mzee anayempigia Jabali gitaa la besi. Respicius akaisoma mara mbili.

"Huyu mtu wako anaimba baa. Dada yangu ataishi naye vipi?"

Kwame akasema miaka thelathini amepiga naye muziki, hajamwona akilewa hata siku moja. Ila tangu masika haya, nyimbo za mapenzi anaziimba kafumba macho, wenzake wanashindwa kumpa ishara ya kumaliza. Respicius akacheka, akaagiza soda.

Jabali alikuwa kwake Manassas, siku mbili hajalala, simu mapajani. Saa kumi alasiri ikalia.

"Kaka amekubali."

"Asante, mama," akasema tu.

Euphrasia akaanza habari ya gauni, wageni, nani apike. Jabali akawa anaitikia "ee," tena "ee." Halafu ukaja mkoromo.

Euphrasia hakukata. Akajilaza kwenye kochi, simu sikioni, akausikiliza mpaka naye akalala.