Pumzi Tatu za Jongoo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi jongoo lilichomoza uchochoroni, likavuka mtaro wa maji machafu bila kuyumba, likasimama mbele ya genge la uji la Mama Tausi.

Lilikuwa refu kuliko mabasi mawili, lakini upana wake haukuzidi mlango wa nyumba. Lilikuwa na pingili ishirini na nne zilizoungwa kwa mpira, na kila pingili ilikuwa na kiti kimoja, paa la kioo na miguu minne ya chuma iliyovishwa soli laini. Kwa miguu hiyo tisini na sita liliweza kupita Mtaa wa Kichangani, kule Buguruni, ambako nyumba zimebanana na hakuna gari lililowahi kufika mlangoni kwa mtu. Halikuwa na dereva wala utingo. Mbele lilikuwa na taa mbili za mviringo, na watoto walisema ndiyo macho yake.

"Haya wanangu," jongoo likasema, "shika fundo lako. Panda mwenyewe. Tusichelewe."

Sauti ilikuwa ya mwanamke, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Siwema, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la genge, akaweka kikombe chini. Muhula mzima ulikuwa unakaribia kwisha na bado hakuwa amezoea kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chuma.

Watoto walikimbilia pingili zao. Kila kiti kilikuwa na kishikio cha mpira chenye umbo la fundo la kamba. Jongoo lilishusha tumbo karibu na ardhi, watoto wakapanda mmoja mmoja, na paa za kioo zikajifunga taratibu.

Akabaki Tausi, mtoto wa miaka tisa, mguu wake wa kushoto umefungwa chuma kuanzia gotini. Alikuwa amesimama pale pale inapotua pingili ya kumi na moja, tangu kabla jongoo halijafika. Alishika fundo. Akanyanyua mguu mzima, akauweka juu ya ngazi. Kisha akaanza kuuvuta ule wenye chuma, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

"Tausi, twende!" likasema jongoo.

Mguu ulikuwa umefika nusu. Jongoo likangoja muda wa pumzi tatu, halafu likanyanyua tumbo. Fundo likamponyoka Tausi mkononi, akarudi chini kwa makalio. Zile taa mbili za mbele zikainama zikatazama ardhi, na miguu tisini na sita ikaondoka. Kwenye kioo kidogo cha ubavuni yakapita maandishi: AMEITWA, HAKUJA.

"Ishirini na saba," akasema Mama Tausi. Hakuacha kukoroga uji.

Mzee mmoja mnunuzi akacheka kwa pua. "Bi Siwema, sauti yako hiyo ina roho mbaya. Uwe unaisema vizuri kabla haijatoka nyumbani."

"Ningekuwa nasema mimi mwenyewe, ungekuwa unacheka?" Siwema akajibu. Lakini hakumtazama. Alikuwa bado anaitazama ile njia. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameona vile taa zinavyoinama.

Kabla ya majongoo, Siwema ndiye aliyekuwa akiwapeleka watoto wa Kichangani shuleni. Miaka kumi na moja alifanya kazi hiyo kwa kamba moja ya katani yenye mafundo kumi na tisa. Kila mtoto alikuwa na fundo lake, na hakuna aliyeruhusiwa kuliachia mpaka getini. Alizijua nyakati za malori, alijua ni wapi mtaro hufurika mvua ikinyesha, na alijua mtoto gani anaogopa mbwa yupi. Watoto walimwita Mama Kamba. Tausi hakuwa na fundo, kwa sababu alikwenda mgongoni kwa Siwema, amefungwa khanga.

Miaka miwili iliyopita alikuja kijana mpole, Injinia Lwitiko, kutoka Kampuni ya Hatua. Alileta fulana ya kumbukumbu. Ilikuwa fulana nyeusi yenye macho sita madogo ya kamera, manne kifuani na mawili mgongoni, na ndani yake kulikuwa na nyuzi zilizohisi hatua, pumzi na sauti ya aliyeivaa.

"Mama, sisi hatuiandikii mashine kanuni," Lwitiko alimweleza. "Kanuni za mtaa huu nani atazimaliza? Tunaionyesha mtu anayeijua kazi, nayo inamfuata, kama mtoto anavyojifunza kutembea nyuma ya mama yake. Wewe fanya kazi yako tu, siku arobaini."

"Basi?"

"Kitu kimoja. Usiyafunike macho ya mgongoni. Jicho likizibwa, siku nzima inaharibika."

Siwema aliishia darasa la nne, na hakuwa amewahi kuambiwa na mtu msomi kwamba anajua kitu. Aliivaa ile fulana kama mtu anayevaa nguo ya sikukuu. Wala hakutaka siku hata moja iharibike.

Usiku wa siku ile Tausi alipoachwa, Siwema hakulala vizuri kwa kuziwaza zile taa. Asubuhi alipanda treni ya juu mpaka kwenye kituo cha majongoo.

Lwitiko alimkumbuka. Alikuwa amenenepa, na kidoleni alikuwa na pete ya ndoa.

"Shikamoo, mama. Umekuja kuliona zao lako?"

"Marahaba, baba. Nimekuja kuuliza. Kwa nini linamwacha Tausi?"

Alimweleza yote. Kwamba mtoto anafika mapema na bado haachiwi nafasi ya kupanda. Kwamba mama yake hawezi kumpandisha, maana mtu mzima akisogea hatua mbili karibu, pingili zote hujifunga. Hilo liliwekwa kwa ajili ya watekaji, na wazazi wenyewe ndio walioliomba. Kwamba tangu Januari kamba zimepigwa marufuku, geti la shule linafunguka kwa jongoo tu, na jongoo ndilo linaloandika daftari la mahudhurio. Mtoto akifikisha "hakuja" thelathini, jina lake linahamishiwa kwa watoro, na kiti chake anapewa mwingine.

"Anazo ishirini na saba," akasema Siwema. "Leo zimekuwa ishirini na nane."

Lwitiko alikaa mbele ya ukuta wa kumbukumbu, ukuta wa kioo unaoonyesha mashine imejifunza nini na wapi. Aligusa hapa na pale. Kisha akamgeukia Siwema.

"Una hakika unataka kuona, mama?"

"Nionyeshe."

Picha ikawaka. Ilikuwa Kichangani, siku ya tatu ya fulana. Pale mbele ya genge alisimama Tausi wa miaka saba, mikono ameinyoosha juu kama anavyoinyoosha mtoto anayengoja kubebwa. Sauti ya Siwema ikasema, "Tausi, twende!" Mtoto akapiga hatua moja, ya pili, akaburuza mguu. Halafu picha ikainama. Zikaonekana kandambili za Siwema na vumbi. Kisha mchanga ukaanza kupita chini, upesi upesi.

"Macho ya kifuani yaliinama ulipoinama wewe," Lwitiko akasema. "Na nyuzi zilisikia pumzi zako. Ulimwita mara moja, ukavuta pumzi tatu, ukatazama chini, ukaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Siku thelathini na nane."

"Mama yake alikuwa anamleta baadaye mgongoni." Sauti ya Siwema ilikuwa ndogo. "Nilimwambia ni siku arobaini tu, baadaye nitambeba tena. Nilimbeba tena! Wewe ulisema nisifunike mgongo."

"Nilisema."

"Na hizo siku mbili nyingine nilishindwa, alikuwa analia. Nilimbeba. Ziko wapi hizo?"

Lwitiko aliitazama mikono yake. "Jicho la mgongoni lilizibwa, mama. Zilihesabika kuwa zimeharibika. Tukazifuta."

Nje ya dirisha majongoo yalikuwa yamejikunja safu kwa safu, yakinyonya umeme. Siwema akauliza yako mangapi.

"Mia sita na kumi na moja. Jiji zima."

"Na yote yana pumzi zangu?"

"Yote."

"Watoto wangapi?"

Hakutaka kusema, lakini alisema. Walioitwa wasije walikuwa elfu nne na ushee muhula huo. Wenye magongo, wenye pumu, wasioona vizuri, na wengine wadogo tu wa miguu mifupi. Kwenye taarifa ya kampuni waliandikwa watoro.

"Nivalishe tena hiyo fulana," Siwema akasema. "Leo hii. Nitamngoja mpaka apande. Nitangoja hata saa nzima, lione."

"Kulifundisha upya kutaliongezea kila jongoo dakika tisa. Nilishawahi kulipeleka jambo kama hilo kwa wakubwa. Jongoo linasifiwa kwa sababu halichelewi, mama. Hakuna atakayekubali dakika tisa."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Lwitiko alisimama. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwita mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku mbili Siwema alizunguka na ile habari kifuani. Asubuhi ya "hakuja" ya thelathini, kabla jongoo halijatokea, alikwenda genge la uji akaisema yote mbele ya sufuria, bila kujitetea.

Mama Tausi alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wa upawa ulikuwa umesimama.

"Nilijua," akasema hatimaye. "Siku ya kwanza tu lilipoinamisha zile taa nilikuona wewe. Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa nikakuona unatazama chini. Nikasema, huyu ni Siwema, ana sababu zake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ungesema ni mashine." Akafungua khanga kiunoni akamtupia. "Mbebe. Mimi nina uji jikoni."

Tausi alikuwa mzito sasa, na kile chuma kilimchoma Siwema ubavuni kila hatua. Walipita njia za zamani, zile za kamba. Watu walichungulia milangoni. "Mama Kamba umefufuka?" mtu akapiga kelele. Walitumia dakika hamsini. Jongoo liliwapita karibu na reli, likiwaacha na upepo wa soli zake na maneno: "Shika fundo lako. Tusichelewe."

"Mama Kamba," Tausi akamnong'oneza shingoni, "linatazama chini kama wewe ulivyokuwa unafanya."

Siwema akamkaza vizuri mgongoni. "Ndiyo. Mimi ndiye niliyelifundisha."

"Ulikuwa unaona aibu?"

"Sana."

"Na lenyewe linaona?"

"Lenyewe halioni kitu, mwanangu. Linainama tu."

Getini walikuta jongoo limeshaingia. Geti lilikuwa limejifunga nyuma yake. Mwalimu Nsia, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuja mpaka kwenye vyuma akamgusa Tausi vidole.

"Nipo, mwalimu!" Tausi akasema kwa nguvu, kama wanavyoitikia majina asubuhi.

"Nakuona, mama." Mwalimu akageuka kwa Siwema. "Namwona, Bi Siwema. Daftari ndilo halimwoni. Limeshaandika leo. Kiti chake amepewa mtoto wa Vingunguti, anaanza Jumatatu. Nimeandika barua mbili."

"Mpitishe basi hata leo."

"Geti si langu. Sina hata ufunguo." Alisimama kidogo zaidi, kengele ikalia, akarudi darasani akitembea kinyumenyume, kana kwamba kwenda hivyo hakukuwa kuondoka.

Siwema hakurudi nyumbani. Alimshusha Tausi kwenye kivuli cha ukuta wa shule, akakaa naye chini, akatoa kitabu cha hesabu kwenye begi la mtoto. Kama hawataki kumfundisha ndani, atafundishwa nje. Walianza ukurasa wa kwanza. Kujumlisha Siwema alikujua, tena alikujua vizuri, kwa miaka yote ile ya kuhesabu vichwa barabarani. Kutoa, pia. Kuzidisha walikwenda kwa kusitasita, wakisaidiana, na Tausi akacheka mara moja Siwema alipokosea saba mara nane.

Ukurasa wa kumi na nane kulikuwa na namba juu ya namba, na mstari katikati.

"Hii inasomwaje, Mama Kamba?"

Siwema aliukodolea macho ule mstari; alipoacha shule walikuwa hawajaufikia. Ng'ambo ya ukuta darasa zima lilikuwa linaitikia kitu kwa pamoja, lakini maneno hayakufika yakiwa kamili. Alivuta pumzi moja. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu, na macho yake yakataka kushuka chini, yeye akayazuia.

Mtoto alikuwa ameshika kalamu, anamngoja.