Kitabu cha Ay Fethiya

Kioo cha sanduku la tatu la maonyesho kilikuwa na ukungu. Remziya alikipangusa, ukungu haukutoka, ndipo akagundua kwamba uko upande wa ndani. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake tangu jana. Harufu ya ubani ikampiga puani, nzito, kana kwamba mtu ameficha chetezo chini ya meza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ambayo maktaba ya chuo pale Harar ingewaonyesha watu vitabu vyake vya kale vilivyoandikwa kwa mkono.

"Daktari, hebu njoo usikilize," Remziya alimwita mkuu wake, Nebil. "Kuna mtu anafunua kurasa humu."

"Panya hao. Umekunywa kahawa ngapi leo?"

"Panya gani anahema hivi?"

Nebil alicheka, lakini hakusogea.

Kitabu kilichokuwa ndani ya sanduku lile kilikuwa cha Ay Fethiya, yaani Mama Fethiya kwa lugha ya pale, mjane wa mfunga vitabu mmoja wa Jugol, mji wa kale ulio ndani ya ukuta. Nebil alikiazima akipige picha, akirudishe baada ya siku tatu. Miaka miwili ikapita. Kila mara Ay Fethiya alipokuja kukidai, askari wa mlangoni alimfukuza. Juzi Nebil alimtokea mwenyewe.

"Utakifanyia nini, mama? Hata kusoma hujui."

Ay Fethiya hakupandisha sauti. "Mume wangu aliniachia kitabu na mlinzi wake. Huyo mlinzi nimemzuia mpaka leo. Sasa namwachia."

Remziya alisikia yote. Tena ndiye aliyeandika kadi ya maelezo: Zawadi ya Ay Fethiya.

Wageni walipojaa, Nebil alisimama kando ya sanduku lile. "Mama huyu alinikabidhi kitabu kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi ya..."

Neno likamkwama. Akakohoa, na wino mweusi ukamchuruzika kidevuni hadi kwenye shati jeupe, na alipofumba mdomo ukatokea puani, na alipoziba pua herufi zikaanza kumtambaa shingoni chini ya ngozi, mstari baada ya mstari, zikipanda kuelekea machoni, huku ndani ya sanduku lililofungwa kurasa zikijifunua kwa kasi na sauti isiyo ya mtu yeyote mle ukumbini ikisoma polepole, kwa raha, kama mwenye siku nzima. Mkono wa Nebil ukainuka bila yeye kutaka, kidole kikaandika juu ya kioo: NILIMWIBIA.

Wageni walikanyagana mlangoni. Remziya alifungua sanduku, akakifunika kitabu kwa shela yake, akakimbia kushuka vichochoro mpaka kwa Ay Fethiya.

Alimkuta anakunywa majani ya kahawa yaliyochemshwa kwa maziwa.

"Mama, nisamehe. Ile kadi ya uongo niliiandika mimi."

"Najua. Umekiri kwa mdomo wako, mlinzi hatakugusa."

"Basi mwite arudi, mama yangu! Daktari haoni tena. Anakufa!"

Ay Fethiya alikibusu kitabu, akakipandisha kwenye shubaka la mumewe, akakaa chini na kukishika tena kikombe chake.

"Kitabu nimekipokea, mwanangu," alisema. "Yeye sijamwita."