Mpini wa Pili

Rafiki yangu Orrin si mtu wa kutunga, ndiyo maana hili linanisumbua.

Kazi yake ni kusafisha njia katika msitu wa taifa, kule milima ya Montana. Ndani kabisa injini ni marufuku, kwa hiyo miti iliyoanguka hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Siku hiyo mwenzake alikuwa mgonjwa. Orrin akafungua mpini mmoja, akauacha garini, akabeba msumeno peke yake.

"Upande wa pili atavuta nani, dubu?" Darla wa ofisini akamtania.

"Afadhali dubu, hapigi domo kama wewe."

Alitembea kutwa bila kuona hata nyayo za mtu. Jioni, ukungu ukiwa umeshameza misonobari, akaanza kukata gogo. Msumeno ulikuwa mzito, ukikwama kila mara. Ghafla ukawa mwepesi. Kila alipovuta, ulivutwa kurudi, krr, krr, na ng'ambo ya gogo kulikuwa na pumzi.

"Nani?"

Msumeno ukavutwa tena, taratibu.

Gogo lilipokatika, Orrin alizunguka gizani akipapasa ile ncha ya pili. Mpini ulikuwepo, umekazwa barabara, na ulikuwa na joto la kiganja.