Baba Aliyerudishwa Getini

Mitumbani Nakuru, Nanyama alivuta koti la kaki huku, mwanamume mtanashati akalivuta kule.

"Wachilia, boss. Namnunulia babangu."

"Na mimi nalitaka, mrembo. Niko na mchezo wa kuigiza, naigiza peke yangu. Ni kuhusu ule mzee mkali, Makhanu, babake wale waandishi wawili."

Damu ikamchemka Nanyama. Mzee huyo ndiye babake. Kaka zake walikuwa wamejipatia sifa kwa vitabu kuhusu baba katili, asiyewahi hata kuwatembelea shuleni. Naye Mzee Makhanu, fundi mstaafu wa reli, alivipanga vitabu hivyo kwa fahari sebuleni kwake, mtaa wa Section 58.

"Jina?"

"Kiarie."

"Ninunulie chai, Kiarie. Nikupe mzee wa ukweli."

Akampa yote: jinsi baba alivyofika shuleni siku ya wazazi na ovaroli na kuku wa kukaanga, wanawe wakawaambia wenzao ni kibarua wa kwao, wakamrudisha getini. Alitaka kaka zake walisikie hilo mbele ya watu. Mapenzi yakajipenyeza hapo katikati. Kufikia mvua za Aprili, Kiarie alikuwa akimwita sukari, naye akimcheka kwa viatu vyake vilivyochongoka.

Lakini katika onyesho la kwanza, Kiarie aliruka sehemu ya geti. Nanyama akampigia simu.

"Umeniuza!"

"Sukari, nilienda kumwona mzee, akanisihi. Hataki vijana wake waaibike."

"Yeye husamehe kila mtu. Mimi bado. Usinipigie tena!"

Wiki ikapita. Kisha Kiarie akapiga. "Kaka zako wamedanganya kwa vitabu, si ukweli nao usemwe? Jumamosi wanakuja. Njoo."

Nanyama alivaa gauni jekundu, akaketi nyuma ya kaka zake azione shingo zao. Jukwaani, Kiarie alisimama getini na kuku mkononi, akainama. "Sawa, watoto wa boss. Nitamwambia boss mko salama."

Shingo zile mbili zikainama. Nanyama alifurahi mpaka akajiogopa.

Nje, Kiarie akamshika mkono. "Nikuoe. Nimuulize mzee?"

"Sasa hivi!"

Wakamkuta Mzee Makhanu, ambaye naye alikuja kutazama, amewakumbatia wanawe, akiwafuta machozi kwa kitambaa chake. Akamtazama bintiye.

"Umefurahi, mama?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akageuka, akaondoka na wanawe.

"Leo usimuulize," Nanyama akamwambia Kiarie. Alikuwa analia, lakini hakujuta.