Kisanduku Juu ya Kivuko

Kisigino cha kiatu cha binti yangu kilinasa kwenye ufa wa lami, katikati ya makutano makubwa kuliko yote mjini, saa mbili asubuhi, taa ya waenda kwa miguu ikiwa imebakiza sekunde nne. Alivaa gauni la njano lenye mkanda mweupe, na vile viatu vya mchuchumio nilivyomkataza. Malori yalishaanza kunguruma. Akatokea mwanamume mwenye kofia ya rangi ya damu ya mzee, mguu wake wa kushoto haukunjiki, akainua mkongojo mbele ya magari kama askari, akasimama hapo hapo mpaka binti akavua kiatu na kuvuka peku.

"Bibie," alimwambia walipofika ng'ambo, "hiki kivuko hakitaki urembo. Mimi mwenyewe nakivuka kama dawa, nusu asubuhi, nusu jioni."

Binti alicheka, lakini moyo ulimwenda mbio kwa sababu nyingine. Alimjua. Binti anafanya kazi ghorofa ya tano, kwenye chumba cha kuongozea magari, ukuta mzima ni skrini. Wiki mbili nyuma alimwona kwenye skrini mwanamume huyo huyo akianguka juu ya ile mistari myeupe, taa ikawageukia wenye magari, akajiburuta kwa viwiko hadi ukingoni. Binti alilia pale kwenye kiti chake. Sasa mtu mwenyewe yuko mbele yake, anamfutia kiatu vumbi, naye hakusema kitu. Kosa lilianzia hapo, na ndiyo maana naandika. Mabinti, ukimwona mtu kabla yeye hajakuona, mwambie. Mwambie siku ile ile.

Alikuwa fundi cherehani. Alimshonea binti yangu blauzi mbili na sketi moja bila kumpima, akasema vipimo anavyo kichwani, nami nikakosa usingizi. Nilitaka mkwe mwenye miguu miwili mizima. Nilitamka hivyo mezani, na binti akahama na sahani yake kwenda kulia chumbani siku mbili. Simu zao ndizo zilizonimaliza, fundi akipiga kila jioni.

"Bi Taa, leo ni nyekundu au kijani?"

"Kijani mpaka saa kumi."

"Basi nakuja bila breki."

"Breki unazo wewe? Una mkongojo tu."

"Mkongojo ndio breki, mpenzi. Injini ndiyo mbovu."

Kule kazini walikuwa wameleta mtambo mpya unaosifiwa kuwa na akili. Kamera inatazama barabara, mfanyakazi anachora kisanduku kwenye skrini, na kila gari likiingia ndani ya kisanduku mtambo unalihesabu. Njia yenye magari mengi inapewa kijani kirefu. Binti aliutazama mwezi mzima, akaona jambo ambalo wakubwa hawakulijali. Visanduku vyote vilichorwa juu ya njia za magari. Mwenda kwa miguu hahesabiwi popote. Ana sekunde zake kumi na mbili, awe mjamzito, awe bibi kizee, awe fundi wa watu. Basi mchana mmoja akachora kisanduku juu ya kivuko, akauagiza mtambo kwamba akiwamo mtu humo ndani, magari yasubiri. Ruhusa hakuomba.

Fundi alizigundua zile sekunde za ziada ndani ya wiki. Binti akaenda kwenye chumba chake cha kushonea, amevaa ile blauzi ya bluu, akamweleza kwa furaha kama anayempa zawadi. Fundi alikuwa anakata kitambaa. Akauliza amejuaje kwamba anazihitaji.

"Nilikuona ukianguka."

Mkasi ukasimama. "Lini?"

"Kabla hatujajuana."

"Kwa hiyo siku ya kiatu ulikuwa unanijua." Akauweka mkasi chini. "Mimi nilidhani nimempata mmoja, mji mzima, ambaye hakuniona nikitambaa."

"Haikuwa huruma."

"Sawa. Umenichorea boksi kama mzigo wa posta. Nenda, Bi Taa."

Tangu hapo hakupokea simu. Akaacha kupita makutano yale, akawa anazungukia barabara ya nyuma isiyo na taa hata moja. Binti akiambiwa hayo na wateja wa fundi, anageukia ukuta.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa chumba akakigundua kisanduku. Madereva walilalamika foleni imerefuka. Alimtaka binti akifute kwa mkono wake mwenyewe na aandike barua ya kuomba radhi. Nilimsihi. Nilimwambia futa mwanangu, kazi kama hiyo haipatikani tena, na huyo mwanamume ameshakwenda zake.

"Mama, sikukichora kwa ajili yake peke yake," alinijibu. "Wewe ulishawahi kuvuka pale?"

Sikuwahi. Mkuu akakifuta mwenyewe, na binti akarudishwa nyumbani asubiri barua ya uamuzi. Hakusubiri. Kulipokucha alichukua daftari, akaenda kusimama kando ya kivuko, na kila aliyekatiwa na taa akiwa katikati alimwekea mstari. Siku ya nne nikaenda kumtoa pale kwa nguvu, maana watu walishaanza kusema amechanganyikiwa.

Kumfikia ilibidi nivuke. Sekunde kumi na mbili ziliniishia njia ya tatu. Lori likapiga honi, mkoba ukaniponyoka, na miguu ikakataa kwenda mbele wala nyuma. Binti akaingia barabarani kunifuata. Na kutoka upande wa pili akaingia fundi, kwa mwendo wake ule ule, bila haraka yoyote. Wateja walishamwambia kuna msichana amesimamishwa kazi kwa ajili ya kivuko.

"Siku mbili nasimama ng'ambo nakuchungulia nyuma ya nguzo," alimwambia. "Nilitaka kuja, nikaona haya. Sasa najua inavyokuwa."

"Nilipaswa kukwambia."

"Ulipaswa. Twende."

Tukaenda kwa mwendo wa fundi. Nyuma yetu wakaingia wengine, mama mwenye mimba, mchukuzi wa mitungi ya gesi, mzee na mjukuu, taa ikiwa ya magari na honi zikilia kila upande. Hakuna aliyekimbia. Simu ya binti ikaita. Alikuwa mkuu wa chumba, ametuona kwenye skrini.

"Ondokeni barabarani."

"Tunavuka, bosi."

"Hiyo taa ni ya magari."

"Taa haituhesabu. Wewe unatuona. Tuhesabu."

Akakata. Fundi akauliza bosi anasemaje.

"Anasema tuharakishe."

Fundi akasimama. "Basi nina swali," alisema, "na ni refu."

Nikawaambia swali gani hilo la katikati ya malori, kwani ng'ambo hakuna nafasi. Wala hawakugeuka. Kina mama mnaosoma, siwaambii muwapeleke wanenu barabarani. Chuma hakimjui mtu. Ila mkono wa binti yangu, niliokuja kuuvuta, niliuacha.

"Uliza polepole," binti alimwambia.