Waliniita Mchawi kwa Sababu ya Goti Langu

Kocha aliushika mkoba wangu kwa ncha za vidole, akaugeuza juu chini, akaumwaga wote sakafuni mwa chumba cha kubadilishia nguo!

Kitana. Kipande cha sabuni. Soksi moja.

Na ule mkanda...

Wasichana wote wakaruka nyuma kwa pamoja. Sidi alipanda juu ya benchi kabisa, utadhani kaona nyoka.

"Ndio huo!" sauti ikasema nyuma yangu. "Ndio anaojifunga pajani kule chooni, asubuhi na jioni. Nimemwona kwa macho yangu!"

Nikageuka nimwone msemaji.

Alikuwa Beryl. Beryl wangu mimi! Tuliyekuwa tukiishi chumba kimoja Tononoka, tukila sahani moja, akinisuka nywele kila Jumamosi.

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani.

Haya yalitokea mwaka wa tisini na sita, na mpaka leo nikiyakumbuka napandwa na hasira upya. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu, maana humu ndani kuna mjinga zaidi ya mmoja, na mimi ni mmojawapo.

Naitwa Kasyoka. Wakati huo nilikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ila tusidanganyane, sikuajiriwa kwa sababu ya kalamu. Niliajiriwa kwa sababu nilijua kuruka. Kampuni ilikuwa na timu ya voliboli ya wanawake, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga mikwaju pale mbele ya wavu.

Januari nikaruka, nikatua vibaya. Goti la kushoto likalia twa!

Nilipasuliwa. Bandeji ilipotolewa nikaliangalia paja langu nikalia. Lilikuwa limenywea, nyama hakuna.

Kocha Wekesa naye alikuwa na dawa yake moja tu.

"Panda ngazi, Kasyoka! Beba gunia la mchanga mgongoni, upande ngazi! Mguu utapona wenyewe!"

Nikapanda. Goti likavimba kama boga.

Nikapumzika wiki mbili, uvimbe ukashuka. Nikapanda tena. Likavimba tena! Hivyo hivyo mpaka Mei. Nilikuwa nikilala nimeuma shuka kwa hasira, si kwa maumivu.

Siku moja Bwana Barnabas, mkuu wa wafanyakazi, akaniita ofisini.

"Kasyoka, kampuni inapunguza watu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, bosi."

"Mechi ya mwisho ya ligi ni Agosti thelathini na moja. Ukiwa uwanjani, una kazi. Usipokuwa..."

Hakumaliza. Na mama yangu Kitui alikuwa akinitegemea mimi peke yangu, na wadogo zangu wanne nyuma yake.

Ndipo mtu akanielekeza kwa Bi Shukri.

Bi Shukri alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asubuhi alikuwa kazini hospitali, jioni akipokea wagonjwa kwake Mji wa Kale, ghorofani, ukiteremka kutoka Ngome ya Yesu. Mama wa makamo, mwembamba, maneno machache, na hapendi kubishiwa.

Alilibonyeza goti langu, akalipima paja kwa futi ya fundi cherehani. Kisha akachukua mkanda wa mashine ya presha, akanifunga juu kabisa ya paja, akajaza upepo kidogo kidogo huku akigusa mshipa wa mguuni kwangu. Mwisho akanifunga kwenye kifundo cha mguu kifuko cha mchanga.

"Nyanyua."

"Hiki ni kilo ngapi, Bi Shukri?"

"Mbili."

"Mbili?! Mimi nilikuwa nikibeba thelathini!"

"Ulikuwa," akasema. "Sasa wataka mguu au wataka sifa?"

Nikanyanyua.

Ndugu zangu, nilipofika ishirini paja lilikuwa likiwaka moto! Kwa kilo mbili! Nilimwangalia yule mama kama kanifanyia kiini macho.

"Sikiza, mwanangu. Goti lako haliwezi mzigo mzito. Na paja bila mzigo mzito halikui. Sasa sisi twalidanganya paja. Mkanda wazuia damu kidogo, paja ladhani labeba gunia. Goti nalo limestarehe, halina habari."

"Umejifunzia wapi haya?"

Akanieleza. Kuna injinia wa meli, zile zinazoleta magari kutoka Japani, alilazwa wodini kwao amevunjika mguu. Kila siku alikuwa akijifunga mikanda mapajani akinyanyua miguu mitupu kitandani. Wauguzi wakamcheka. Bi Shukri hakucheka, alivuta kiti akauliza. Yule bwana akamchorea kila kitu kwenye karatasi. Na kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, Bi Shukri alijifunga mwenyewe nusu mwaka mzima.

Akanipa mkanda wa kufanyia nyumbani. Aliushona kwa mkono wake, na akatia uzi mwekundu mahali pa kukomea.

"Usiupite uzi huu. Thelathini, pumzika. Kumi na tano mara tatu. Kisha fungua! Ukihisi ganzi, fungua. Vidole vikibadilika rangi, fungua. Na usimpe mtu. Kila mtu ana kipimo chake."

Nikaanza. Na wacha niwaambie ukweli, niliuchukia ule mkanda! Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu nikamwendea Bi Shukri nimefura.

"Hii kitu haifanyi kazi!"

"Paja halina masikio, mwanangu. Rudi kwenu ukahesabu."

Wiki ya sita akanipima kwa ile futi yake. Paja limeongezeka inchi moja na nusu! Na goti halikuvimba hata siku moja.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu unapoingia.

Chumba chetu kilikuwa kimoja na kina pazia tu. Mlango wenye komeo ulikuwa wa chooni. Mimi sikutaka mtu anione nikihangaika na kilo mbili, mimi niliyekuwa nyota! Basi nikawa najifungia humo.

Asubuhi moja natoka, jasho tele, paja linawaka, nina hasira na dunia nzima. Beryl amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Kasyoka, unajifunga nini humo?"

Ningeweza kumwambia. Dakika mbili zingetosha!

Lakini tangu niingie timu ile nilikuwa nikitaniwa kwamba Wakamba wote ni wachawi. Mkamba huyu, usimkasirishe, atakutupia kitu! Nami nilikuwa nimezoea kuwarudishia utani wao.

"Ni dawa ya nyanya yangu wa Kitui," nikamwambia. "Usiguse, itakula mkono."

Nikacheka.

Beryl hakucheka.

Mjue kwamba Beryl ndiye aliyekuwa akicheza nafasi yangu tangu niumie. Aliona paja langu linarudi. Na alikuwa ameokoka, yeye ndiye aliyetuongoza kwa maombi kabla ya kila mechi. Sasa rudini nami pale sakafuni, wiki mbili kabla ya mechi ya mwisho.

"Kocha, hayo ni matibabu!" nikalia. "Tumeni mtu Mji wa Kale akamuulize Bi Shukri!"

"Matibabu gani ya kufanyiwa chooni?" Kocha Wekesa akauliza.

"Alisema mwenyewe ni dawa ya nyanya yake," Beryl akasema, macho chini. "Mwulizeni kama hakusema."

Wote wakanitazama.

"Nilikuwa natania..."

Hata mimi nilisikia jinsi neno lile lilivyokosa nguvu.

"Nenda nyumbani," Kocha akasema. "Hapa hatuchezi na hayo mambo. Na huu uzi mwekundu, ee Mungu wangu! Nani ataiondoa hii kitu?"

Hakuna aliyetaka hata kuukaribia.

"Nipe mimi, Kocha," Beryl akasema. "Mimi nina Yesu. Nitakwenda kuutupa baharini, pale Mama Ngina."

Akaufunga kwenye gazeti, akatoka nao. Dama, mmoja wa wachezaji, akatikisa kichwa. "Huyu msichana ana imani!"

Mimi nikaenda kwa Bi Shukri nikilia njia nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hebu nambie, huyo mwenzio alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Nikamwambia.

Akasema, "Basi hirizi umeitengeneza weye, kwa mdomo wako."

Akanifunga ule mkanda wa mashine yake, nikaendelea kuhesabu. Kwa ajili ya nini, sikujua. Nikahamia kwa binamu yangu na nikawa nasubiri barua ya kufukuzwa.

Agosti thelathini na moja nilikwenda uwanja wa Tononoka kutazama. Nimesimama nyuma ya kamba na watu wengine, muhogo wa kukaanga mkononi.

Seti ya kwanza Beryl alicheza vile sijawahi kumwona! Anaruka, anapiga, anaruka, anapiga. Watu wanapiga kelele. Nami, Mungu anisamehe, roho iliniuma. Nafasi yangu! Kazi yangu!

Seti ya pili nikaona kitu. Kila mpira ukisimama, Beryl anajisugua paja. Kisha akaanza kuchechemea. Kisha akaruka... na aliposhuka mguu haukumpokea. Akaanguka kama gunia.

"Maji! Leteni maji!" Kocha akapiga kelele.

Wakammwagia maji. Hainuki. Mimi nilikuwa nautazama mguu. Chini ya goti ulikuwa umeiva, mishipa imesimama, rangi si yake.

Vidole vikibadilika rangi...

Muhogo ukanitoka mkononi. Nikaruka ile kamba! Goti langu bovu, mbele ya bosi na mji mzima, nikaruka na kukimbia mpaka katikati ya uwanja.

"Usimguse, mchawi wewe!" Sidi akanipigia kelele.

Beryl, kwa vile ameokoka, alikuwa akivaa kaptura pana ya kufika magotini. Nikaipandisha.

Mkanda wangu huo hapo! Umezama kwenye nyama. Na uzi mwekundu umepitwa vidole vinne vizima.



"Usifungue!" Beryl akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Kasyoka, tafadhali usifungue... nguvu zitanitoka!"

"Nguvu gani, Beryl? Mguu unakufa!"

Nikafungua.

Alijifunga kabla ya mazoezi ya kupasha mwili. Zaidi ya saa nzima! Alifikiri kama kufunga kidogo kuna nguvu, basi kukaza sana kuna nguvu sana. Hospitalini walisema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tukizungumza mengine. Hata hivyo unyayo ulibaki na ganzi karibu miezi miwili.

Mechi tulishindwa. Mimi sikujali. Nilijua kwamba ukweli umejianika wenyewe mbele ya watu.

Jumatatu Bwana Barnabas akaniita. Kocha Wekesa alikuwa ameshakaa, kofia mapajani.

"Kasyoka, umerudi timuni. Kazi yako ipo palepale."

Nikatabasamu mpaka masikioni. "Kwa hiyo mmeelewa?"

"Tumeelewa kabisa," Kocha akasema, akisogeza kiti chake nyuma kidogo. "Ile kitu ina mwenyewe. Ilimkataa Beryl mbele ya watu wote."



"Kocha! Ni mkanda tu! Unazuia damu kidogo ili paja..."

"Ndiyo, ndiyo. Mkanda," akasema haraka. "Sisi hatutauita jina lingine. Na hatutaki ubaya na wewe."

Hebu fikirieni! Nilirudishiwa kazi si kwa sababu waliniamini. Waliniogopa! Nilicheza misimu mitatu zaidi, goti zima, na kila nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo benchi lilikuwa tupu upande wangu. Nilieleza mpaka nikachoka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa heshima.

Aliyeniamini alikuwa mmoja tu. Septemba alikuja kwa binamu yangu akitembelea fimbo, akasimama mlangoni.

"Kasyoka, nilikukosea. Nilitaka kuruka kama wewe."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine nilimwambia. Kisha nikamshika mkono nikampeleka Mji wa Kale.

"Mbona mimi sifungwi mkanda?" akauliza, akinyanyua mguu mtupu.

"Weye umeshajifunga wa kutosha," Bi Shukri akamjibu. "Hesabu!"

Funzo langu ni hili. Mtu akikuuliza jambo la kweli, mpe la kweli, hata kama umechoka na una hasira. Ukilificha, watu watalipa jina lao, na jina hilo likishashika hata ukweli ukija mchana kweupe hauling'oi. Na wewe mwenye goti, usijifunge chochote kwa kuona kwa jirani. Tafuta anayejua kupima.

Mwezi jana nilikutana na Sidi sokoni. Ni bibi mwenye wajukuu sasa, na goti lake limevimba. Nikamwambia aende kwa wataalamu wa viungo, siku hizi wapo wengi na mikanda hiyo wanayo.

Akanisikiliza kwa adabu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaninong'oneza.

"Hao wa hospitali nawajua, Kasyoka. Ile dawa ya nyanya yako... hakikubaki hata kipande?"