Fortunée Alikataa Mara Mbili

Chupa ziligongana ndani ya makasha, kling, kling, nje ya lango, kabla hajaonekana mtu. Kisha vigelegele vikapasuka. Fortunée, akiwa chumbani anafungwa kilemba na shangazi yake Gertrude, akajua: familia ya mchumba wake Ruphin imefika kutoa mahari.

Simu ikatetemeka kitandani. Ujumbe ulitoka shule ya marubani, Lubumbashi:

"Mademoiselle Fortunée, fomu yako tumeipokea. Tumekuandika brevet ya pilote privé. Liste ya professionnel tunaifunga leo saa sita. Aksanti."

Akausoma tena. Privé?

Fomu ile ya brevet, yaani leseni ya urubani, ilikuwa na visanduku viwili. Privé ni miezi michache. Unarusha ndege, lakini huruhusiwi kulipwa kwa kumbeba mtu. Professionnel ni masaa mia mbili angani, karibu miaka miwili, na mwisho wake ni kazi. Fortunée alisitasita mwezi mzima. Akatia saini, akaacha visanduku vitupu, akampa Ruphin aliyekuwa anashuka kutoka Likasi kwenda Lubumbashi kuchukua vifaa vya kazi. Jumanne mchana akampigia simu:

"Chéri, nimechagua. Weka alama ku professionnel."

"Njo vile, chérie," Ruphin alijibu, laini kama siagi.

Na sasa hii.

"Tantine, Ruphin amenidanganya."

"Shii! Bantu bamejaa mu lupango. Utasema naye kesho."

"Kesho liste imefungwa."

"Brevet ni brevet, mama. Si utaruka tu?"

"Nitaruka sawa mutoto ku bembea! Mvua ikinyesha, njia ya Mitwaba inakufa, bagonjwa banangojea wiki nzima. Mwenye kuwabeba analipwa, tantine, na mwenye kulipwa ni professionnel. Sitaki kucheza. Nataka kazi."

"Funga mudomo, utoke, ucheke."

Fortunée akatoka. Hakucheka.

Uwanja wa lupango ulijaa viti. Upande mmoja Ruphin, suti ya bluu, pembeni ya mama yake Madeleine na mjomba wake Joachim, msemaji wao. Upande wa pili Papa Athanase, baba ya Fortunée, fundi mstaafu wa tanuri la shaba. Mbele yao vitenge, mbuzi na makasha ya vinywaji. Kwa mila yao baba hagusi kitu mpaka amuulize binti mara tatu, na binti akubali mara tatu.

Athanase akasimama.

"Fortunée, mutoto wangu. Hii bintu yote bameleta juu yako. Tupokee?"

"Hapana, papa."

Watu wakacheka. "Iko na haya!" mmoja akapaza sauti.

Athanase akatabasamu. "Mama yangu, tupokee?"

"Hapana."

Safari hii hakucheka mtu. Mbuzi peke yake ndiye aliyesema neno.

"Ni teatre gani hii?" Joachim akafoka.

Fortunée alikuwa anamtazama Ruphin. Alimpenda, na hapo ndipo palipouma.

"Ruphin. Jumanne nilikuambia uweke alama wapi?"

"Chérie, tuseme hii nyuma ya nyumba..."

"Hapa. Bantu basikie muzuri."

"Ku professionnel."

"Na weye uliweka wapi?"

"Ku privé."

"Juu ya nini?"

"Juu niliogopa!" Sauti ikampasuka. "Professionnel banamupanga popote! Kinshasa, Kisangani! Minye niko fundi wa umeme ku bwawa ya Mwadingusha, na barrage haitembei. Nilisema, akipata privé, iko na bawa zake, na minye niko na muke wangu."

"Hata kuku iko na bawa, Ruphin. Umeona iko inaenda wapi?"

Kicheko kikapita kwenye viti. Joachim akapiga goti kwa kiganja, kama mtu aliyenyimwa ugali.

"Na bukari atasonga nani, kama muke iko mu mawingu?"

"Muulize mpwa wako, papa Joachim. Bukari yake haina madonge. Yangu njo iko nayo."

Hata Mama Madeleine alificha mdomo kwa kitenge.

Fortunée akanyoosha simu. Saa tano na dakika arobaini.

"Piga, Ruphin. Weka sauti juu."

Ruphin akapiga. Vidole vilikosa namba mara moja, akaanza upya.

"Allô, secrétariat."

"Madame, ni juu ya fomu ya Fortunée. Ile alama si yake. Ni minye njo niliiweka, na yeye alikuwa amenituma ingine."

Karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Bwana, weye si mwanafunzi wangu. Nipe mwenyewe."

Fortunée akachukua simu.

"Ni minye, madame. Professionnel."

"Unajua ni masaa mia mbili, mademoiselle?"

"Najua. Ingekuwa mia tatu, ningesema ile ile."

"Bon. Nimebadilisha. Jumatatu saa moja, usichelewe."

Simu ikakatika. Gertrude akaanza kigelegele, akakumbuka hali ilivyo, akakimeza.

Athanase alijifuta uso kwa leso, polepole.

"Swali ya tatu siulizi leo," akasema. "Nitaiuliza siku atarudi na brevet yake mu mukono. Bintu zenu, muzichukue."

Joachim akainuka kwa hasira hata kiti kikaanguka. "Ruphin, twende! Likasi haikosi banamuke!"

Ruphin hakwenda. Alilegeza tai, akavuka uwanja mbele ya watu wote.

"Noko, weye enda," akamwambia mjomba wake. "Minye ningali na neno."

Akasimama mbele ya Fortunée. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuyaficha.

"Niliiba neno yako, na niliiba juu ya woga. Enda, soma. Bakikupanga Kisangani, minye njo nitahamia Kisangani. Umeme iko kila pahali. Na siku papa atauliza mara ya tatu, nitakuwa nimesimama hapa. Hata ukisema hapana, nitaipokea mbele ya bantu, sawa leo. Nakuahidi, Fortunée."